Kuanza mara sita: uchambuzi wa kisa cha mhasibu aliyedhani amekosa hamasa

Mtu ninayemwandika hapa ana umri wa miaka 46, ni mhasibu, na sehemu kubwa ya siku yake ya kazi huipitisha akiwa amekaa. Ameniruhusu kueleza kisa chake kwa sharti kwamba nisitaje jina lake wala mahali anapoishi, na sharti hilo ni rahisi kulitimiza, kwa kuwa hakuna jambo katika kisa hiki linalotegemea mahali. Alikuja kwangu, mimi nikiwa mwalimu wa mazoezi, akiwa ameshapimwa na daktari wake, ambaye alimwambia kwamba moyo wake hauna tatizo, kwamba shinikizo la damu limeanza kupanda kidogo, na kwamba asingoje lipande zaidi ndipo aanze kuushughulisha mwili. Maneno yake ya kwanza niliyaandika siku ileile: "Mwalimu, mazoezi nayajua. Kinachonishinda ni hamasa. Nipe hamasa."

Ombi hilo nimelisikia kwa watu wengi, na kwa kawaida anayelitoa hana cha kuonyesha isipokuwa majuto. Huyu alikuwa na daftari. Kwa mazoea ya kazi yake alikuwa ameandika tarehe ya kila siku aliyofanya mazoezi katika miaka miwili iliyopita, pamoja na dakika alizotumia, katika majaribio matano aliyoyaanza na kuyaacha. Nimechagua kukichambua kisa chake kwa sababu ya daftari hilo, maana mtu anaposimulia jinsi alivyoshindwa hukumbuka aibu vizuri zaidi kuliko tarehe.

Daftari

Majaribio yote matano yalianza siku ya Jumatatu, na yote yalianza katika wiki ya kwanza ya mwezi. La kwanza lilidumu siku 19, la pili 23, la tatu 17, la nne 24 na la tano 20. Ukizihesabu siku hizo kutoka tarehe zilipoanzia, unakuta kwamba yote matano yalikatika kati ya tarehe 23 na 26. Hakuna ukurasa ulioandikwa kwamba ameacha. Baada ya siku ya mwisho yenye dakika, kuna mstari mmoja ulioandikwa kwa haraka, "nitaanza Jumatatu," kisha kurasa tupu, wakati mwingine za miezi mitatu au minne, mpaka mwanzo mwingine.

Niliweka daftari mezani katikati yetu na kumwuliza, "Kaka, unaona nini hapa?"

"Naona uvivu," alijibu.

Nilimwambia kwamba uvivu haungechagua tarehe. Akalivuta daftari upande wake, akapitisha kidole kwenye safu ya tarehe kama anavyofanya, nadhani, anapotafuta kosa katika hesabu za watu wengine, na alipofika kwenye jaribio la tatu akasema polepole, "Hii ni kufunga mwezi." Kuanzia tarehe 23 au 24 hadi tarehe 3 ya mwezi unaofuata, ofisi yake hufunga hesabu za mwezi, na katika siku hizo hutoka kazini usiku, hulala muda mfupi na kuamka akiwa na orodha ya kazi kichwani. Kila mwezi. Jambo hilo alilijua kama anavyolijua jina lake, lakini katika miaka miwili hakuwahi kulihusisha na mazoezi, kwa sababu maelezo aliyokuwa nayo tayari yalimtosheleza: yeye ni mtu dhaifu wa nia.

Hapo ndipo nilipoanza kutilia shaka ombi lake la hamasa. Mtu anayeanza jambo lilelile mara tano, kila mara akijua jinsi jaribio lililotangulia lilivyoisha, hana upungufu wa hamasa. Pengine anayo kuliko wengi wetu. Tatizo ni kwamba hamasa yake ilifikia kilele mara tu mwezi ulipofungwa, mwili ulipopata usingizi na akili ilipotulia, na ni katika hali hiyo alipokaa na kupanga. Mpango ulipangwa katika wiki nyepesi kuliko zote, kisha ukadai utekelezwe vilevile katika wiki nzito kuliko zote.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi: kuamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, kukimbia kilomita 5, siku sita kwa wiki, na ulikuwa uleule katika kila jaribio. Haukuwa na kifungu chochote kuhusu siku ambayo haitawezekana, kwa hiyo siku ya kwanza isiyowezekana ilipofika, aliyekuwa ameupanga hakuwa na la kufanya isipokuwa kuwa ameuvunja. Siku ya pili alikuwa mtu aliyevunja mpango mara mbili. Siku ya tatu akaandika "nitaanza Jumatatu." Wanasaikolojia wanaoshughulika na ulevi na ulaji wameieleza hali hii kwa miaka mingi: mtu aliyejiwekea sharti kali, akiteleza mara moja, hulichukulia kosa hilo kuwa ushahidi kwamba sharti lote limekwisha, akaachia na yale ambayo bado yalikuwa mikononi mwake.

Hesabu ya siku 21

Kulikuwa na mzigo mwingine ambao hakuutaja mpaka kikao cha tatu. Alikuwa ameaminishwa kwamba jambo likirudiwa kwa siku 21 huwa tabia, na kwamba baada ya hapo halihitaji tena kujilazimisha. "Mara ya pili nilifika siku ya 23," alisema, "na bado kuamka kulikuwa vita. Nikajua mimi si mtu wa mazoezi."

Hesabu hiyo ya siku 21 imezunguka dunia, na chanzo chake si utafiti wa mazoezi. Mwaka 1960 daktari wa upasuaji wa Marekani, Maxwell Maltz, aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura yao mpya baada ya upasuaji. Maneno "angalau" na "hivi" yalipotea njiani, sura mpya ikawa kila jambo, na kilichobaki ni ahadi ambayo mtu huyu aliitumia kujihukumu.

Walipokuja kuupima muda wa kujenga tabia, mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akiwa amechagua jambo dogo la kula, kunywa au mazoezi la kufanya kila siku baada ya tukio fulani, na matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Muda wa katikati wa jambo kufikia kiwango cha kujiendea lenyewe ulikuwa siku 66, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno, kutoka siku 18 hadi makadirio ya siku 254, na waliochagua mazoezi walielekea kuhitaji muda mrefu kuliko waliochagua kinywaji au chakula. Jambo la pili katika utafiti huo lina uzito zaidi kwa kisa chetu: kukosa siku moja hakukuathiri kwa kiasi cha maana ujenzi wa tabia. Nilipomweleza hilo alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama nina hakika, kwa sauti ya mtu anayeambiwa kwamba deni alilolipa miaka yote halikuwepo.

Lugha yetu ina dokezo lake hapa. Mazoezi na mazoea ni maneno ya shina moja, zoea, lakini mtu anaweza kufanya mazoezi miaka miwili asipate mazoea, ikiwa kila mwezi wa mazoezi anauanza kutoka sifuri.

Mwendo wenyewe

Kabla ya kugusa ratiba nilitaka kuona anavyofanya mazoezi, kwa hiyo nilimwomba akimbie kama alivyokuwa akikimbia peke yake, nami nikakimbia pembeni yake. Katika dakika ya pili nilimtaka anieleze jinsi hesabu za mwezi zinavyofungwa. Alisema, "Kwanza unalinganisha," akavuta pumzi, akasema "taarifa za," akavuta pumzi tena, kisha akainua kiganja kunitaka radhi na tukaendelea kimya. Alikuwa anakimbia kwa mwendo alioukumbuka kutoka ujanani, na kila alfajiri ya majaribio matano ilikuwa mapambano ya namna hiyo tangu hatua za mwanzo.

Kipimo cha maneno ni cha kizamani na bado kinafaa: ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, uko katika mwendo wa wastani, ukiwa huwezi kutamka zaidi ya maneno machache bila kuvuta pumzi, umeingia katika mwendo mkali. Mtafiti Panteleimon Ekkekakis na wenzake wameonyesha mara kadhaa kwamba chini ya mpaka ule ambapo pumzi huanza kubadilika, watu wengi hujisikia vizuri wakati wa zoezi, na kwamba wakiuvuka, wengi huanza kujisikia vibaya, na hali huzidi kadiri dakika zinavyokwenda. Baada ya kusimama, nafuu huja kwa haraka, na ndiyo maana wengi husema kwa dhati kwamba mazoezi mazito huwafurahisha. Wanakumbuka kumaliza. Alfajiri, kitandani, mwili unakumbuka katikati.

Kila jaribio pia lilimletea maumivu ya misuli katika siku za mwanzo, na aliniambia jinsi alivyokuwa akishuka ngazi za ofisini kwa upande, mkono kwenye reli, akijifanya anasoma simu ili wenzake wasimwulize. Maumivu hayo hutokana zaidi na kazi ambayo misuli huifanya ikiwa inarefuka chini ya mzigo, kama mapaja yanavyofanya mtu anaposhuka au anapotua mguu akikimbia, na kwa kawaida hufikia kilele kati ya saa 24 na 72 baada ya zoezi. Msuli ukishapitia kazi hiyo mara moja, mara inayofuata huumia kidogo kuliko mara ya kwanza, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa. Ila mtu anayeacha kwa miezi minne na kurudi kwa kilomita 5 huweza kuipoteza, na hivyo mhasibu wetu alikuwa akilipa ada ya kuingia mara tano bila kubaki ndani muda wa kutosha kuona faida yake.

Tulishusha mwendo mpaka ukawa wa kutembea kwa haraka, pamoja na vipande vifupi vya kukimbia ambavyo alivichagua mwenyewe. Haukumpendeza. Alisema anaona haya kutembea.

Mpango wa siku mbaya

Kuhusu kupanga, nilikuwa na swali la kujibu kabla ya kumshauri. Kuna utafiti wa mwaka 2002 wa Sarah Milne, Sheina Orbell na Paschal Sheeran ambao walimu wa mazoezi huutaja mara kwa mara: wanafunzi 248 wa chuo kikuu waligawanywa makundi matatu, na katika wiki iliyopimwa, waliofanya angalau zoezi moja kali la dakika 20 walikuwa asilimia 38 katika kundi lisilopewa kitu, asilimia 35 katika kundi lililopewa maelezo ya kutia hamasa kuhusu ugonjwa wa moyo, na asilimia 91 katika kundi lililopata maelezo hayohayo na kisha likaandika siku, saa na mahali pa kufanyia zoezi. Wale wa kundi la pili nia yao ilipanda kweli, miguu haikuifuata. Hata hivyo mhasibu wetu alikuwa ameandika siku, saa na mahali kwa usahihi ambao mtafiti yeyote angeupenda, na bado alianguka mara tano. Utafiti ule ulipima wiki moja, na wiki ya kwanza haikuwahi kumshinda.

Alichokosa kinaelezwa vizuri zaidi na kazi ya Falko Sniehotta na wenzake, iliyochapishwa mwaka 2006, kuhusu wagonjwa wa moyo waliokuwa wamemaliza matibabu ya kurejesha afya. Baadhi yao walipanga lini, wapi na vipi watafanya mazoezi. Wengine, pamoja na hayo, walitaja vikwazo wanavyovitarajia na kuandika watakavyovikabili. Miezi miwili baadaye waliopanga yote mawili walikuwa wakifanya mazoezi zaidi. Kizuizi cha mtu wetu kilikuwa na tarehe inayojulikana mwaka mzima mbele, jambo ambalo ni bahati, kwa kuwa wengi hawajui wiki yao mbaya itakuja lini.

Tukaandika, basi, mipango miwili. Katika siku za kawaida, ishara ya kuanza ilikuwa kuvua viatu vya kazi: raba zikae palepale anapoviweka viatu hivyo, na akishavua vile avae hizi kabla ya kukaa popote, kisha atoke kwa dakika 30 au 40, mara nne kwa wiki. Saa hatukuitaja. Ninajua kwamba ushauri wa kawaida ni kushika saa ileile kila siku, lakini utafiti wa John Beshears, Katy Milkman na wenzao, uliochapishwa mwaka 2021, uliwafuatilia wafanyakazi 2,508 wa kampuni moja kubwa, wengine wakilipwa kwa kufanya mazoezi katika saa waliyoichagua tu, wengine wakilipwa hata kama wangeyafanya saa nyingine, na malipo yalipokoma, wale wa kundi la pili ndio waliobaki wakifanya mazoezi zaidi. Wale waliofungwa na saa, wakiikosa, walielekea kukosa siku nzima. Ni picha ya daftari nililokuwa nalo mezani.

Katika siku za kufunga mwezi, kwa kuwa viatu vya kazi vilivuliwa usiku mkubwa akielekea kulala, ishara ilikuwa kuzima kompyuta, na zoezi lilikuwa la dakika 8 palepale ofisini: kuchuchumaa na kuinuka mara 10, pushapu 10 dhidi ya ukuta, kupanda na kushuka ngazi ya ghorofa moja, kisha kurudia mpaka dakika ziishe. Hapo tulibishana.

"Dakika nane ni mchezo," alisema. "Daktari ametaja dakika 150 kwa wiki."

Daktari alikuwa sahihi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mwendo mkali, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Lakini mwongozo huohuo uliondoa sharti lililokuwepo katika ule wa mwaka 2010, kwamba zoezi lisihesabiwe likiwa chini ya dakika 10 mfululizo, na unasema wazi kwamba kiasi chochote ni bora kuliko kutofanya kabisa. Nilimweleza pia kwamba dakika nane zile sikuzipanga kwa ajili ya mapafu. Zilikuwa za kumfanya, tarehe 4 ya mwezi, asiwe mtu anayeanza.

Kisha tukaandika kanuni ya kurudi, na hii ndiyo iliyotuchukua muda mrefu kuliko yote, kwa sababu alikuwa mhasibu mpaka kwenye mifupa. Aliuliza dakika zilizokosekana zitaingizwa wapi. Kwa hesabu yake, akikosa siku sita atakuwa na salio la dakika 180 la kulipa, na katika jaribio la nne alijaribu kweli kulilipa, akakimbia saa moja na nusu siku ya Jumamosi na kushindwa kukunja goti Jumapili. Tulikubaliana kwamba katika daftari hili salio la nyuma halihamishwi kwenda ukurasa unaofuata, linafutwa. Siku ya kurudi ifanyike nusu ya kile alichofanya mara ya mwisho, isisubiri Jumatatu, na kwenye safu ya maelezo iandikwe neno moja tu: "nimerudi." Sababu za kukosa zisiandikwe kabisa. Wahenga waliosema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi hawakueleza mhunzi afanye nini kesho yake, na ilikuwa kesho hiyo tuliyokuwa tukiitafutia maandishi.

Miezi miwili ya kwanza

Wiki tatu za mwanzo zilikwenda vizuri, jambo ambalo halikuwa na maana yoyote, kwa kuwa mwanzo ulikuwa umekwenda vizuri mara tano kabla. Mwezi ulipofungwa, katika siku kumi alifanya zile dakika nane mara tatu na kukosa siku saba, nne kati yake zikiwa mfululizo. Tarehe 4, ambayo ilikuwa Alhamisi, aliandika "nimerudi," dakika 18. Alinipigia simu jioni ile kunieleza kwamba ni mara ya kwanza katika miaka miwili kuanza kitu siku ya Alhamisi, na alicheka alipokuwa akisema.

Mwezi wa pili ulikuwa mgumu zaidi. Homa ya mafua ilimkuta siku mbili kabla ya kufunga mwezi, na mtu mwenye homa hafai kufanya mazoezi hata ya dakika nane, kwa hiyo kati ya ugonjwa na kazi alipoteza siku 13. Aliporudi alihema mapema kuliko alivyotarajia na akahitimisha kwamba yote yamepotea. Sivyo mwili unavyofanya kazi. Katika wiki mbili za kwanza za kupumzika kinachopungua haraka ni ujazo wa sehemu ya majimaji ya damu, na kwa hiyo moyo hupiga mara nyingi zaidi kwa mwendo uleule na pumzi huwa fupi. Nguvu ya misuli hubaki karibu ilivyokuwa kwa wiki tatu au nne. Mtu anayerudi huhukumu kwa pumzi, kwa kuwa ndiyo inayojitangaza. Nilimwomba afanye zile pushapu za ukutani, akazifanya zote bila taabu, na hilo lilimshawishi kuliko maelezo yangu.

Kuhusu kurudi kuna ushahidi ambao sikuwa nimeufahamu tulipoanza. Mwezi Desemba 2021 Katy Milkman na kundi kubwa la wanasayansi walichapisha jaribio lililohusisha wanachama 61,293 wa kumbi za mazoezi nchini Marekani, wakilinganisha programu 54 za wiki nne za kuwafanya watu waende kwenye mazoezi. Iliyoongoza kuliko zote ni ile iliyotoa zawadi ndogo kwa mtu aliyerudi baada ya kukosa siku aliyoipanga. Ni lazima niongeze, kwa kuwa wanaolitaja jaribio hilo huliacha hili, kwamba ni asilimia 8 tu ya programu hizo zilizoacha mabadiliko yaliyopimika baada ya wiki nne kwisha. Zawadi inamrudisha mtu. Haijathibitika kwamba inambakiza.

Nilipokosea

Katika mwezi wa tatu, nikitaka kumsaidia, nilimwomba anitumie ujumbe kila jioni akiwa amemaliza. Kwa wiki mbili ujumbe ulikuja bila kukosa. Kisha ukaanza kuja na maelezo marefu ya kwa nini leo imeshindikana, yenye radhi nyingi na majina ya wakubwa wake wa kazi, na nikatambua kwamba nilikuwa nimerudisha kwa mlango wa nyuma jambo lilelile tulilolitoa kwenye daftari. Sasa kulikuwa na mtu wa kudaiwa naye, na mtu huyo ni mimi. Siku moja ujumbe ulifika saa tano usiku: "Mwalimu nimefanya, usijali." Sikuwa nimejali, nilikuwa nimelala.

Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wamefanya kazi kwa miongo kadhaa kuonyesha kwamba mtu hudumu katika jambo anapohisi kuwa analichagua mwenyewe, kwamba analiweza, na kwamba kuna watu wanaomjali katika kulifanya. Nilikuwa nimemwongezea la tatu kwa kumpunguzia la kwanza. Niliukomesha utaratibu huo, nikamwomba badala yake tuonane mara moja kwa mwezi, baada ya tarehe 5, tusome daftari pamoja. Nilihofia kwamba bila ujumbe ataacha. Wiki iliyofuata dakika zake zilipungua kidogo, kisha zikarudi.

Kosa jingine lilikuwa lake, au tuseme letu sote, nalo ni mizani. Alikuwa ameanza kwa nia ya kupunguza uzito, na hadi mwisho wa mwezi wa nne uzito ulikuwa umeshuka chini ya kilo moja, jambo lisilo la ajabu kwa mazoezi pekee bila kubadili ulaji. Katika kikao cha mwezi ule alisema, kama mtu anayetaja jambo la pembeni, kwamba siku anazotembea mgongo haumuumi akikaa na kwamba hulala bila kugeukageuka. Nikamwambia aandike hilo. Kuanzia hapo safu ya uzito iliachwa wazi na safu mpya ikaitwa "mgongo," yenye alama ya 1, 2 au 3. Faida inayoonekana usiku uleule ina nguvu ya kumtoa mtu nje ambayo faida ya mwaka ujao haina, hata kama ya mwaka ujao ndiyo kubwa.

Hali ilivyo baada ya miezi 14

Katika wiki za kawaida sasa hufikisha dakika 150 au zaidi, na katika wiki za kufunga mwezi hupata kati ya 25 na 50. Katika miezi hii 14 amekosa zaidi ya siku tatu mfululizo mara tisa, na mara tisa amerudi; muda mrefu zaidi wa kukosa ulikuwa siku 16. Daktari ameridhika na vipimo vya shinikizo la damu, ingawa nisingependa kudai kwamba ni kwa sababu ya kutembea tu, kwa kuwa katika kipindi hichohicho alianza pia kulala mapema. Nilipomwuliza kama mazoezi yamekuwa tabia, alisema kwamba kuvaa raba hakuhitaji tena kufikiria, lakini zile dakika nane za ofisini anazichukia kama siku ya kwanza. Huenda hazitakuwa tabia kamwe, maana zinakuja siku kumi na kuondoka siku ishirini.

Kisa cha mtu mmoja kina mipaka yake. Huyu ana afya ya kumruhusu kutembea, ana barabara ya kutembea bila hofu, na mtu wa nyumbani kwake hubaki na watoto anapotoka. Anayekosa kimoja kati ya hivi ana tatizo ambalo daftari haliwezi kulitatua, na si haki kumwambia kwamba amekosa hamasa wala kwamba amekosa kanuni ya kurudi. Pia alikuwa na kizuizi chenye tarehe. Kwa mtu ambaye siku zake mbaya huja bila taarifa, ningeanza na mpango wa dakika nane kwanza na kuujenga ule wa siku nzuri baadaye.

Tulionana mara ya mwisho wiki iliyopita. Daftari la kwanza limejaa na amenunua la pili, ambalo mistari ya safu ameichora mwenyewe kwa rula, na nilitaka kujua kama ameanza ukurasa wa kwanza siku ya Jumatatu. Ulianza Jumamosi, tarehe 5. Uliandikwa: "nimerudi, dakika 15, mgongo 2."